UZI: Mbwa mwitu wa Ethiopia anamalizwa na mbwa wa bomani

Mchunga Nyanda (mleta uzi):

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita humu kulikuwa na mada ya fisi waliovunja zizi wakaua mbuzi, na wachangiaji wengi walimalizia kwa kusema kila mnyama mla nyama atiwe sumu, basi. Nilianza kuandika jibu likarefuka, nimeona nilifungulie uzi wake. Nitautoa kwa vipande.

Mjue kwanza nasemea wapi. Nimezaliwa bomani, kaskazini mwa Tanzania, nimechunga mbuzi na kondoo mpaka namaliza darasa la saba. Sasa ni afisa mifugo. Najua uchungu wa kuamka alfajiri ukakuta damu zizini na mama amesimama pale haongei. Kwa hiyo asinijibu mtu kwamba mimi ni wa mjini.

Nataka kumzungumzia mbwa mwitu, na tuelewane kwenye jina, maana Kiswahili chetu kimewaweka wanyama wawili ndani ya jina moja. Yupo huyu wa Ruaha na Nyerere, mwenye mabaka meusi, meupe na ya njano, masikio ya duara, vidole vinne miguu ya mbele. Na yupo yule wa kwenye Biblia, wa mavazi ya kondoo, mnyama wa Ulaya, Asia na Amerika. Mbwa uliyemfuga nyumbani ametokana na huyu wa pili.

Wengi wanadhani huyu wa pili hayupo Afrika. Yupo. Mmoja anaishi milima ya Ethiopia tu, hana kwingine duniani. Mwingine tumekuwa tukimpita njiani tukimwita bweha: yule bweha wa dhahabu wa Serengeti na Ngorongoro. Mwaka 2015 watafiti walipima vinasaba vyake wakakuta si ndugu wa karibu wa bweha wa dhahabu wa Asia kama vitabu vilivyokuwa vikisema. Yuko upande wa mbwa mwitu. Bweha mgongo-mweusi na bweha miraba wamebaki bweha, lakini huyu wa dhahabu ni mbwa mwitu mdogo, na babu zangu wamechunga pembeni yake bila kujua.

Wa Ethiopia ndiye aliyenifanya niandike.

Nilifika Bale, kwenye milima hiyo ya Ethiopia, mwaka 2019 kwa mafunzo ya wiki chache. Ukitoka mji wa Goba barabara inapanda msitu, halafu ghafla msitu unakwisha uko kwenye uwanda wa Sanetti, juu ya mita 4,000. Lobelia zile ndefu za Kilimanjaro, huko zimesimama uwandani moja moja kama watu wanaosubiri gari. Asubuhi majani yana barafu.

Wa kwanza nilimwona kabla jua halijapasha. Mwekundu kama udongo wa Karatu, koo jeupe, miguu mirefu, pua nyembamba kama ya mbwa aliyechongwa. Mwili wake ni wa mbwa wa kawaida wa boma, kilo kumi na kitu. Alikuwa amesimama juu ya tundu la fuko, kichwa chini, hatikisiki. Nilihesabu zaidi ya dakika kumi. Upande wa pili ng'ombe wanakula, na mtoto wa miaka kama tisa ameketi juu ya jiwe, amejifunika blanketi, fimbo magotini. Mtoto hakumwangalia mbwa mwitu, mbwa mwitu hakumwangalia mtoto. Ndama alimpita hatua chache tu.

Nilishindwa kuelewa. Kwetu mtoto angekuwa ameshapiga ukelele.

Mwenyeji wangu akanieleza. Karibu chakula chote cha mnyama huyu ni panya na mafuko. Bale kuna fuko mkubwa anayekaribia kilo moja, mmoja tu anatosha kushiba. Wakati mwingine mbwa mwitu hutembea katikati ya ng'ombe makusudi, panya wasimwone anakuja. Waoromo, wenyeji wa huko, wanamwita jedalla farda, yaani bweha wa farasi, kwa sababu humfuata farasi au ng'ombe anayekaribia kuzaa ale kondo la nyuma. Wamemtazama kwa karibu mpaka wakampa jina kwa tabia yake.

Wamebaki wangapi? Wakubwa hawafiki 500. Zaidi ya nusu wako hapo Bale, wengine wametawanyika kwenye milima mingine ya Ethiopia: Simien, Arsi, Menz na Wollo, kila kundi limekwama kilele chake kama watu wa visiwani.

Naendelea baadaye, jenereta inazimwa.


Dogo wa Babati:

Mkuu tiririka, nimekaa mbele kabisa. Ila swali: kama hagusi mifugo na wenyeji hawana neno naye, kinachommaliza ni nini? Maana kichwa cha uzi kinasema mbwa.


Mchunga Nyanda:

Dogo, umegonga penyewe.

Kwanza ni ardhi. Shayiri inalimwa juu zaidi kila mwaka, na zamani Waoromo wa Bale walikuwa na utaratibu wao wanaouita godantu: mifugo inapanda mlimani kwa msimu, halafu inashuka. Siku hizi wengi wamehamia juu moja kwa moja. Mifugo ikikaa mwaka mzima nyasi zinakwisha, nyasi zikiisha panya wanapungua. Hilo linaeleweka, wala sitalirefusha.

La pili ndilo linaloua kwa kishindo. Mchungaji akipanda mlimani anapanda na mbwa wake, kwa sababu usiku kuna fisi na chui. Hana cha kuwalisha mbwa hao, wanajitafutia. Wanazurura, wanakutana na mbwa mwitu kwenye mzoga, wanapigana, wakati mwingine wanapandana. Na mbwa hao wanabeba kichaa cha mbwa na distempa, ugonjwa mwingine wa kirusi unaoua wanyama wala nyama.

Sasa angalia mbwa mwitu wanavyoishi. Mchana kila mmoja anawinda peke yake, lakini alfajiri na jioni kundi linakusanyika, wanarambana midomo, wananusana, wanazunguka mpaka wa eneo lao pamoja. Jike mkuu ndiye anayezaa, mara moja kwa mwaka, na wote wanalea. Ni familia. Kirusi cha kichaa kinakaa kwenye mate. Akiambukizwa mmoja, mapenzi yale yale ya alfajiri yanamaliza boma zima.

Mwaka 1991 hadi 1992 kichaa kilipita Bale. 2003 kikarudi, na katika bonde la Web, huko huko Bale, kikaua kama robo tatu ya mbwa mwitu waliokuwepo. 2008 tena. 2014 tena. Distempa nayo ikaja 2010 na 2015. Mnyama ambaye wote duniani wangeenea kwenye shule moja ya kata anapigwa hivyo kila baada ya miaka michache. Hakuna bunduki wala sumu hapo, ni mbwa wasiochanjwa.

Na msidhani ni mambo ya Ethiopia peke yake. Mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, kama 1,000 hivi, na macho ya watafiti yakaelekea kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Miaka mitatu kabla ya hapo, 1991, makundi ya mbwa mwitu wetu wa mabaka yaliyokuwa yakifuatiliwa ndani ya Serengeti yalitoweka, na magonjwa haya haya yalitajwa. Ilichukua zaidi ya miaka 20, mpaka 2012, ndipo wakaanza kuletwa tena ndani ya hifadhi kutoka Loliondo.


Mama Leipzig:

Kaka Mchunga, hongera kwa uzi. Niko Ujerumani mwaka wa kumi na mbili sasa, jimbo la Saxony, na huku mbwa mwitu ni habari ya kila siku, nzito kuliko unavyoweza kudhani.

Walimaliza mbwa mwitu wao zamani. Wa mwisho maeneo haya, kule Lusatia, alipigwa risasi 1904. Baadaye wakaanza kuvuka wenyewe kutoka Poland, na mwaka 2000 jike akazaa kwenye uwanja wa mazoezi ya kijeshi wa Muskau. Msimu wa 2023/24 walihesabu makundi 209 nchi nzima. Huyu siyo wa kula panya. Anakula swala na nguruwe pori, na kondoo wasio na uzio ni halali yake.

Jirani yangu ana kondoo, mama wa miaka sitini na kitu. Usiku mmoja alipoteza saba. Nilienda kumpa pole kama tunavyofanya nyumbani, nikamkuta kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, analia. Serikali inasaidia uzio wa umeme na inalipa fidia, lakini lazima uthibitishe kwamba uzio ulikuwa wa urefu unaotakiwa. Akaniambia kitu ambacho sijakisahau: wanaompenda mbwa mwitu wako mjini, na anayeamka saa tisa usiku ni yeye.

Septemba 2022 mbwa mwitu alimuua farasi mdogo wa Ursula von der Leyen, Rais wa Tume ya Ulaya. Miaka miwili baadaye, Desemba 2024, mkataba wa Bern, ule wa nchi za Ulaya wa kulinda wanyamapori, ulipunguza kiwango cha ulinzi wa mbwa mwitu, ikaanza kutumika Machi 2025. Siwezi kusema farasi ndiye sababu, wafugaji walikuwa wameshalalamika miaka mingi. Ila wengi huku wanasema kondoo wa maskini hawakusikika mpaka alipokufa farasi wa mkubwa.


Mchunga Nyanda:

Dada, asante sana, na mpe pole jirani yako kwa niaba yangu.

Takwimu za Tume hiyo ya Ulaya zinasema mbwa mwitu wa nchi za Umoja wa Ulaya ni kama 20,000, na wanaua mifugo karibu 65,000 kwa mwaka, wengi wao kondoo, kati ya kondoo milioni 60. Ukigawanya ni kidogo mno. Lakini jirani yako hakupoteza asilimia, alipoteza saba. Serikali yoyote inayotaka mfugaji aishi na mnyama ianze hapo. Sisi tuna kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa mtu, na majina yenyewe yanakiri kwamba si fidia. Mtu anatembea kilomita za kutosha kupeleka taarifa, anasubiri, anakata tamaa. Akishakata tamaa ananunua sumu. Nimewaona, wala siwalaumu.


Mzee wa Kaya:

Nimesoma yote kwa makini. Nina hoja moja, na nisieleweke vibaya. Vijijini kwetu mtoto akiumwa na mbwa, dawa hakuna, unaambiwa nenda mkoani. Halafu nasikia wazungu wanachanja mbwa mwitu mlimani. Hiyo haki iko wapi? Mtu kwanza, mnyama baadaye.


Mchunga Nyanda:

Mzee shikamoo.

Hoja yako siichukulii juu juu, kwa sababu naijua kwa jina. Nilipokuwa darasa la tano, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliumwa mkono na mbwa wa boma la jirani. Kidonda kidogo, kama cha mwiba. Wakampaka majivu. Zahanati haikuwa na chanjo, nauli ya kwenda mbali haikuwepo, na kidonda kikapona, kwa hiyo watu wakaacha kufuatilia. Wiki kama sita baadaye akaanza kuwashwa pale pale mkononi. Siku ya pili akapewa maji akashindwa kuyaangalia. Alikuwa na akili zake, Mzee, ananiita jina, ananiambia anaogopa. Siku ya nne tukamzika. Mbwa yule ameshauawa kitambo, lakini kabla ya kuuawa aliwauma mbwa wengine wangapi, hakuna aliyejua.

Ndiyo sababu nikasomea mifugo.

Sasa hoja yako. Wazungu na Waethiopia wa Bale hawakuanza na mbwa mwitu. Wameanza na mbwa wa wachungaji, wanachanja kwa maelfu kila mwaka, kijiji kwa kijiji, kwa sababu ugonjwa unatoka huko. Sindano hiyo hiyo inayomkinga mbwa mwitu ndiyo inayomkinga mtoto mwenye blanketi niliyemwona juu ya jiwe. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa duniani, na wanakadiriwa 59,000 kwa mwaka, wameumwa na mbwa wa kufugwa. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa kijiji, kirusi kinakosa njia ya kupita. Chini ya hapo kinapenya. Na si mara moja, kwa sababu mbwa wa vijijini hawaishi sana. Baada ya mwaka sehemu kubwa ya mbwa wa kijiji ni wapya.

Inawezekana. Pemba walichanja mbwa kisiwa kizima, kichaa kikakatika. Kikaingia tena kutoka nje, wakarudi kuchanja, kikakatika tena.

Kuchanja mbwa mwitu wenyewe kulikuja kwa dharura. 2003 kilipolipuka bonde la Web, walikamata mbwa mwitu kama sabini na kitu, wakawachoma sindano wale wa kwenye njia nyembamba zinazounganisha bonde na bonde, wakaziba pale kama unavyoziba mfereji. Kikaishia hapo. Tangu 2018 wameanza kutumia chambo: kipande cha nyama ya mbuzi chenye chanjo ndani, kinatupwa usiku kwenye eneo la kundi, mnyama anakula bila kushikwa.

Kwa hiyo sioni foleni mbili hapo, ya mtu na ya mnyama. Kama dawa haipo zahanati ni kosa, tupige kelele pamoja. Lakini mtoto aliyeumwa anahitaji dozi kadhaa za bei kubwa, na mbwa anahitaji moja ya bei ndogo kabla hajauma.


Mzee wa Kaya:

Marahaba mwanangu. Pole kwa mdogo wako. Nimekuelewa.


Dogo wa Babati:

Mkuu pole sana. Kuna mtu kaniuliza pembeni: hawa mbwa mwitu wanakula watu au ni hadithi za bibi?


Mchunga Nyanda:

Wa Ethiopia, hapana. Ni mdogo, mdomo wake umeumbwa kwa panya.

Yule mkubwa wa Asia na Ulaya, nitasema ukweli. Ulaya ya leo mtu kuuawa na mbwa mwitu ni kitu ambacho hakijaonekana kwa miongo kadhaa katika nchi za Umoja wa Ulaya. India ni tofauti. Mwaka 2024, wilaya ya Bahraich, jimbo la Uttar Pradesh, kati ya Julai na Septemba waliua watu wasiopungua wanane, wengi watoto, waliolala nje au kwenye nyumba zisizo na milango. Mzazi wa pale ukimwambia habari za uhifadhi anakuona huna utu, na ana haki. Mnyama aliyezoea kuchukua watoto lazima aondolewe. Nadhani pia mlango ungeokoa wengi. Anayelala bila mlango ni maskini, na mnyama anafika kwa maskini kwanza, kama ugonjwa unavyofika.


Mama Leipzig:

Kaka, umesema Menz. Nilisoma kwamba huko wanakijiji ndio wanaotunza. Ni kweli?


Mchunga Nyanda:

Ni kweli dada, na mimi hapo ndipo napapenda kuliko pote ingawa sijafika.

Guassa ya Menz ni nyasi za mlimani, kaskazini mwa Addis Ababa. Guassa ni jina la nyasi yenyewe, ndefu na ngumu, wanaezekea nyumba, wanasokotea kamba. Tangu karne ya 17 wazee wa koo walikuwa na utaratibu wanaouita qero: wanafunga mlima, hakuna kukata wala kuchunga, wakati mwingine kwa miaka mitatu au zaidi, halafu wanafungua kwa siku walizokubaliana. Mageuzi ya ardhi ya 1975 yaliwanyang'anya wazee mamlaka hayo na nyasi zikaumia. Baadaye wanakijiji wenyewe wakafufua utaratibu kwa kamati na walinzi wao.

Huko mbwa mwitu anatembea katikati ya mamia ya nyani wa gelada wanaokula majani, na wao hawakimbii. Watafiti walihesabu: akiwinda panya katikati ya gelada anafanikiwa mara mbili kati ya tatu. Akiwa peke yake, mara moja kati ya nne. Na yeye kwa kawaida hagusi watoto wa gelada, maana akigusa watamfukuza. Wapo wanakijiji wanaolalamika kwamba amebeba mwanakondoo, inatokea. Lakini mlima ni wao, nyasi ni zao, na mvunja sheria anashtakiwa kwa wazee wanaomjua baba yake. Mimi sijaona uzio wenye nguvu kuliko huo.


Ngorika:

Habari zenu. Mimi ni msomaji tu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Kwetu boma lina mbwa watano, hakuna hata mmoja aliyewahi kuchanjwa. Bweha hao wa dhahabu tunawaona kila jioni, wanakula mabaki pamoja na mbwa wetu. Nianzie wapi?


Mchunga Nyanda:

Karibu sana. Nenda ofisi ya kata umwone afisa mifugo, ulizia tarehe ya kampeni ya chanjo ya mbwa. Mara nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Kama hakuna ratiba, mwambie unakuja na majirani. Mkiwa na mbwa hamsini kwenye orodha inakuwa rahisi kwake kuomba dozi. Mabaki ya nyama na mizoga fukieni au chomeni, mbwa na bweha wasikutane hapo. Na mtu akiumwa kabla ya siku hiyo: sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kama cha mwiba. Msipake majivu.


Ngorika:

Asante kaka. Wanne wanafungika kamba. Wa tano ni jike, amezaa juzi chini ya ghala, watoto sita, bado hawajafumbua macho. Nao niwalete?


Mchunga Nyanda:

Mama yao mlete. Na watoto kama watakuwa hai siku ya kampeni walete wote, usisikilize anayesema mpaka wafike miezi mitatu. Waweke kwenye beseni, ufunike kanga. Ukipata tarehe niandikie, nije nishike sindano mwenyewe.